Mto Aliouchagua Habakuki

Watu wa kijiji cha Mapambano wakimtaja mjomba wangu Habakuki huanza na mto uliokauka, halafu wanatikisa vichwa, halafu hakosekani mmoja wa kusema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Methali hiyo imenichosha. Kwanza, aliyemwonya hakuwa mkuu wake, alikuwa mtani wake, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Pili, kabla ya mto uliokauka palikuwa na mto usiokauka, na mtu asiyeujua huo wa kwanza hana haki ya kumcheka mjomba kwa huo wa pili. Wengi wanaomcheka hawajawahi kuuona hata kwa mbali.

Mto wenyewe ni Luengera. Unatoka juu kwenye misitu ya Usambara, unashuka katikati, safu moja ya milima mkono huu na nyingine mkono ule, unapita bondeni taratibu mpaka unaingia Ruvu karibu na mji wa Korogwe. Wenye ramani wanauita Ruvu huo Pangani. Maji yakishachanganyika hapo yanakwenda Hale kuzungusha mitambo ya umeme, kisha yanakwenda zake baharini. Mjomba alipenda kutamba kwamba taa za Tanga zinawaka kwa maji aliyonawia miguu yeye. Mama yangu Josefina, ambaye ni dada yake mdogo, alikuwa akimjibu kwamba ndiyo maana zinazimika-zimika.

Ujana wake mjomba alipanda milimani na wapasua mbao, akakaa huko msimu mzima. Alichokiona hakikumtoka. Alitusimulia msitu ambao mchana wake ni kama jioni, miti yake watu kadhaa hawaizungushii mikono, na matawi yameota ndevu za kijani. Ukungu unapanda kutoka upande wa bahari, unanasa kwenye majani, na maji yanadondoka hata kama mvua haijanyesha kwa muda mrefu. Chini, majani yaliyooza yanameza mguu mpaka kifundoni, na ukiyafumbata mkononi ukayaminya, maji yanachuruzika. Kila penye bonde dogo pana kijito, vijito vinaungana, na Luengera haina kazi nyingine ila kuyapokea hayo maji na kuyaleta kwetu.

"Ule msitu ni mtungi," alikuwa akisema. "Sisi tumekaa penye tundu lake."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Hata mwezi wa pili, wakati ng'ombe wa Handeni wanaonekana mbavu, sisi Luengera tulikuwa tunaoga, tunafua, tunavua kambare, na mpunga wa ukingoni una kijani. Mto ulipungua, sikatai. Watoto tuliweza kuvuka kwa miguu mahali fulani. Lakini kukauka ni neno tulilolitumia kwa nguo na kwa ugali uliolala. Hakuna aliyelitumia kwa mto.

Babu yetu alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akaoa Msambaa, akazeekea kambini. Habakuki akazaliwa hapo hapo kambini, akakata mkonge kama baba yake, mkonge ukamchoma mikono na kumpinda mgongo. Moyo wake ulikuwa kwenye kipande cha ardhi ukingoni mwa mto, ambacho wenye shamba walikiacha kwa sababu mafuriko yalikifunika kila masika. Yeye na mkewe Grasiana walilima hapo mpunga, magimbi na miwa. Mto ukipanda masika unakuja mwekundu, mzito, umebeba udongo mweusi na mwekundu wa milimani, na ukirudi chini unaacha tope nene juu ya shamba lote. Tope hilo ndilo mbolea yao. Watu wa ukingoni walikuwa na desturi: kabla ya mtu yeyote kupanda, mkubwa wa ukoo anachota tope kwa kidole, analiweka ulimini, anatulia, anatema. Likiwa tamu, majembe yanaingia. Likiwa na chumvi au uchungu, wanasubiri. Baada ya babu kufa kazi hiyo ikawa ya Habakuki, na katika miaka yote hakukosea. Watu wa kambi nzima waliutegemea ulimi wake, Waislamu kwa Wakristo, na Grasiana alimtania kwamba ni mwanamume pekee aliyemjua anayekula udongo bila kuwa na mimba.

Baada ya Uhuru mkonge ulianguka. Walisema huko Ulaya wamegundua kamba za plastiki, hawautaki tena. Shamba letu lilipunguza watu, likapunguza tena, mpaka siku moja korona, ile mashine kubwa ya kusindika mkonge iliyokuwa ikinguruma mchana kutwa na kunywa maji ya Luengera, ikanyamaza. Nilikuwa mdogo, lakini ukimya ule naukumbuka. Ulikuwa ukimya wa njaa.

Kisha likaja Azimio, na mikutano. Tuliambiwa wasio na ardhi wasikae kambini kusubiri mzungu arudi, waende Handeni, ardhi ni tele, waanzishe kijiji cha ujamaa walime pamoja. Serikali itasaidia. Mjomba alikuwa wa kwanza kusimama. Najua kwa nini, kwa kuwa nilimsikia akimwambia mama. Alichoka kulima ardhi ya kuazima. Alitaka kabla hajafa awe na shamba ambalo hakuna mtu atakayekuja kumwambia toka, na pembeni yake mto. Aliomba vitu hivyo viwili tu.

Walipotakiwa kupeleka watu wa kuchagua mahali, kambi nzima ilimtaja yeye. Wangemtaja nani mwingine? Mto ulikuwa kazi yake. Akaenda na katibu wa tawi la chama, Filemoni, kijana msafi, mpole, mtu wa Moshi, wala sina ubaya naye. Walikwenda mwezi wa nne, masika yenyewe. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na hakuna aliyeliona, kwa sababu mwezi wa nne ndipo barabara za Handeni zinapokuwa mbaya, na mjomba aliona fahari kwamba wamevumilia matope.

Walipita Misima wakaingia porini kwa miguu. Wakaukuta mto ambao wenyeji wanauita Mgobe. Mjomba alipousimulia baadaye alikuwa bado anatabasamu. Ulikuwa mpana kuliko Luengera, umejaa hadi kwenye mizizi ya mikuyu, unakwenda kwa kishindo, na rangi yake ni nyekundu, nzito, kama Luengera ya masika. Nyumbani rangi hiyo ni neema. Akapiga goti ukingoni, akachota tope, akaliweka ulimini.

Tope lilikuwa tamu. Huo ni ukweli, ulimi wake haukudanganya.

Akiwa bado amepiga goti akasikia sauti nyuma yake. "Wewe mtu wa wapi unayekula udongo wa wenzako?"

Alikuwa mzee wa Kizigua, na fimbo, na mbuzi wake. Jina lake Mhina. Mjomba akamwambia baba yake ni Mnyamwezi. Basi Mhina akapiga makofi kwa furaha, kwa maana Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita Uzigua kwenda pwani. Watani hawasalimiani kwa heshima. Wanatukanana, wananyang'anyana chakula, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

"Mpagazi!" akasema Mhina. "Nilijua tu. Kichwa bado ni bapa kwa kubeba pembe za ndovu za Waarabu."

"Mla ngozi," akajibu mjomba. "Ficha mbuzi wako, umewaangalia kwa tamaa mpaka wamekonda."

Filemoni, maskini, hakuujua utani huo. Alidhani watapigana, akaanza kuwasihi. Wao wakamcheka. Wakakaa wote watatu kwenye mzizi wa mkuyu, na mjomba akaeleza wamekuja kutafuta mahali pa kijiji na kwamba amepapenda hapa.

"Kaa," akasema Mhina. "Nani atakukataza? Lakini ujue mto huu ni Mzigua kama mimi. Mwongo. Ukifika mwezi wa tisa utaamka asubuhi umeshakukimbia, umekuachia mchanga wa kuoshea hicho kichwa bapa."

Mjomba alicheka mpaka akashika tumbo. "Tazama mchoyo huyu! Ananinyima mto kwa kusema utakimbia. Utakimbilia wapi? Utakwenda kubeba mizigo?"

"Utakwenda kwa shangazi yako Tabora," akasema Mhina.

Wakacheka tena. Mhina akawapa maziwa ya mbuzi, wakaachana kwa matusi mazuri. Njiani Filemoni akauliza, kwa ile hofu yake ya mtu wa ofisini, "Mzee, yule hakusema mto huu unakauka?"

"Yule mtani wangu," akajibu mjomba. "Akisema hakuna mvua, wewe chukua mwavuli."

Basi wakapachagua. Familia zilizohama zilijaza malori, na mjomba na Grasiana walikuwa kwenye lori la mbele. Mama hakwenda. Baba alikuwa mgonjwa wa kifua, akasema atafia karibu na mto anaoujua. Mjomba alimwachia mama kile kipande cha ukingoni, akamwambia, "Kikikushinda, nitarudi nikilime mwenyewe." Alikuwa anachekesha tu. Hakukusudia kurudi.

Mwanzoni walifurahi, na siwezi kuwanyima furaha hiyo kwa sababu tu najua ilikoishia. Walijenga nyumba kwa mistari, wakafyeka shamba la pamoja, wakalima mahindi na pamba, wakaimba. Kijiji wakakiita Mapambano. Mvua ilikuwa nzuri. Mwezi wa saba mto ukapungua, mjomba akasema ndivyo mito inavyofanya. Mwezi wa nane ukawa madimbwi. Kisha madimbwi yakawa tope, tope likapasuka, na palipokuwa na mto pakabaki barabara pana ya mchanga mweupe inayochoma miguu.

Hivi ndivyo mtu wa Luengera anavyofikiri: alidhani mtu ameuziba. Hakuna aina nyingine ya kufikiri iliyokuwamo kichwani mwake. Aliona kwamba huko juu lazima kuna mtu au jiwe au mti ulioanguka, na kwamba ukiondolewa maji yatashuka. Akachukua panga na jembe, akaufuata mto kwenda juu, akitembea katikati ya mchanga, na vijana kadhaa nyuma yake. Walikwenda siku nyingi. Mto ukawa mwembamba, ukagawanyika vijito, kila kijito kikavu, na mwisho wakafika kwenye vilima. Vilikuwa vilima vya mawe na miiba, nyasi zimeungua. Hapakuwa na msitu wala kivuli. Mjomba akaokota majani makavu chini ya mwiba mmoja, akayafumbata, akayaminya. Yakawa vumbi.

Vijana waliokuwa naye walisimulia kwamba alikaa chini akalia mbele yao bila aibu. Alikuwa ameelewa. Mvua ikinyesha pale inateremka yote kwa siku moja, inabeba udongo, inapita. Hakuna kinachoizuia. Wekundu ule alioufurahia haukuwa neema ya mto huu, ulikuwa ni kilima kinachokimbia na maji yake ya mwaka mzima.

Aliporudi alisema ukweli mbele ya mkutano wa kijiji. "Hakuna aliyeuziba. Ndivyo ulivyo." Kuna waliomtukana. Filemoni akasimama akasema msivunjike moyo, ataandika wilayani, bomba litaletwa. Na kweli mabomba yaliletwa, mirija ya chuma, ikapangwa nyuma ya ofisi ya kijiji. Ikaota kutu. Watoto walikuwa wanaita upande mmoja na kusikilizana upande wa pili. Mashine ya kuvuta maji haikufika, na hata ingefika, sijui ingeyavuta wapi. Filemoni alihamishwa akaletwa mwingine.

Wazigua wa pale waliishi na Mgobe vizuri kwa sababu hawakuutarajia uwe kitu kingine. Walikuwa wachache, wametawanyika, na kiangazi walichimba visima mchangani. Huchimba kwa kutanua, wanashusha kingo pole pole kama bakuli, kazi ya siku nzima kwa ndoo chache. Watu wetu walikuwa wengi mno mahali pamoja, na kiu haina subira. Walichimba wima, kama walivyozoea kuchimba visima kambini kwenye udongo wa mfinyanzi. Mwaka baada ya mwaka mchanga ulikuwa unawatisha, unadondoka kidogo, wanaruka nje, wanacheka.

Kiangazi kimoja Grasiana aliingia kwenye kisima cha namna hiyo asubuhi, na kata yake mkononi, kuchota maji ya kupikia uji. Alikuwa mwembamba, na ndiyo maana alikuwa akitumwa yeye. Mchanga ukafunga. Walio juu walisema haukutoa hata sauti. Waliufukua kwa mikono na kwa sufuria, na kila walipotoa, ulirudi. Mjomba alikuwa shambani. Alipofika walikuwa wameshamtoa, wamemlaza chini ya mkuyu, na wanawake wanamfuta mchanga mdomoni kwa maji yale yale aliyokuwa ameshayachota. Nalisema hili kwa sababu mimi huwa silisahau: maji yalikuwapo kwenye ndoo, machache, masafi, na walimwoshea uso.

Mama nami tulikwenda mazishini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona huo mto wa mjomba. Nilitafuta maji kwa macho kila upande, nikamuuliza mama, "Uko wapi?" Akaniambia, "Umesimama juu yake."

Kwa desturi, mtani ana kazi msibani. Anaweza kuingia kaburini akagoma maiti asizikwe. Anaweza kuvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, watu wacheke katikati ya machozi, wapumue. Basi watu walimsubiri Mhina. Akaja amevaa kanzu, akapewa kanga ya Grasiana. Tulijua atajifunga, ataiga ule mwendo wake wa haraka haraka, ataigiza anavyomgombeza mumewe. Mhina akaishika ile kanga. Akaitazama. Akaikunja mara mbili, akaiweka magotini pa mjomba, akakaa chini kando yake.

"Nitanie," mjomba akamwambia. "Si ndiyo kazi yako?"

"Siwezi."

Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nikasikia kila neno. Mjomba akasema, "Siku ile, Mhina. Kwenye mzizi wa mkuyu. Ulikuwa unanitania?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Mbona hukuniambia kama kweli?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mtani wangu. Mdomo wangu haujui njia nyingine ya kukusemesha. Na wewe ulicheka, nami nikafurahi kwamba umecheka. Nikasema akirudi nitamweleza vizuri. Uliporudi, umerudi na malori."

Mjomba hakumlaumu. Mimi nilimlaumu, na mpaka leo kuna siku namlaumu, kisha nakumbuka alivyoikunja ile kanga. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba pale walikuwa watu watatu. Mmoja alijua, mmoja aliuliza, na mmoja akajibu kwa kicheko. Ukweli ulikuwa umekaa katikati yao kwenye mzizi, na wote waliinuka wakauacha.

Baada ya mazishi mama akamwambia, "Kaka, twende nyumbani. Shamba lako lipo. Chumba kipo."

"Siwezi kurudi kabla ya watu niliowaleta," akasema. "Mimi ndiye niliyeonja."

Akabaki. Na hivyo ndivyo alivyoishi miaka ile: alifanya kazi ya kukivunja kijiji alichokijenga. Hakukivunja kwa maneno, alikuwa mwoga wa maneno sasa. Alikuwa anakwenda Mkata barabarani, anaulizia jamaa za huyu, kazi ya yule, shamba la kulinda, kibanda cha kuazima, na akipata anamrudia mtu na kumwambia, "Pale watakupokea." Familia moja ikaondoka, kisha nyingine. Aliwasindikiza kila mmoja hadi barabarani na mzigo wake juu ya baiskeli. Viongozi walipomuuliza watu wamekwenda wapi alisema wamekwenda kusalimia ndugu. Alikonda. Chumba cha mama kilimngoja. Kila mwaka mama alikipaka chokaa upya, na kila mavuno alitenga gunia la mpunga wa kile kipande cha ukingoni, akisema ni wa kaka.

Baba alifariki, karibu na mto wake kama alivyotaka. Mwaka sabini na nne, kiangazi, mjomba akatuma salamu kwa utingo wa basi. Familia ya mwisho kati ya wale aliowaleta imepata mahali Kwamsisi. Sasa kazi yake imekwisha. Atafunga mzigo wake, atakuja.

Mama alilia kwa furaha, akaenda mtoni akachota maji, akaosha chumba kizima, kuta na sakafu. Namwona mpaka leo amepiga magoti na kitambaa. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikamsaidia. Tulimtengea na kambare.

Wiki ile ile ndipo mgambo walipokuja. Ilikuwa Operesheni Vijiji. Waliokaa ukingoni hawakuwa kwenye kijiji chochote kilichoandikishwa, wala ardhi haikuwa yao, basi kila mtu aende kwenye kijiji au apelekwe. Mama alijibizana nao, nami nilijibizana nao zaidi, lakini huwezi kubishana na mtu ambaye tayari yuko juu ya paa lako anang'oa mabati. Wakamuuliza, "Mama, una ndugu katika kijiji gani?" Waliokosa jibu walikuwa wanatupwa popote lori lilipochoka. Mama akatazama mto, akatazama lile gunia la mpunga. Angesema nini? Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani.

"Nina kaka," akasema. "Mapambano."

"Kijiji kizuri hicho," mgambo mmoja akasema. "Kina mto."

Tulisafiri tumekaa juu ya magodoro. Tulivuka Ruvu darajani, maji yake ya kijani yanapita chini yetu, na wanawake wote kwenye lori wakageuka kuyatazama mpaka yalipopotea. Hakuna aliyeimba. Baada ya Handeni vumbi lilikuwa jekundu, na miti haikuwa na jani.

Tulifika Mapambano asubuhi. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanguka, na kila upande watu wapya walikuwa wanashushwa kutoka malori mengine na vitanda vyao na kuku wao. Njiani, tukiingia, tulimkuta mzee anasukuma baiskeli kuja upande wetu. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nyuma ya baiskeli kuna mzigo umefungwa kwa kamba ya mkonge, na jembe limechomekwa juu yake. Dereva akapiga honi asogee. Akasogea, akainua mkono kutusalimu kama mtu anavyosalimu wageni, huku akitabasamu, huku mguu wake mwingine uko mbele kuendelea na safari.

Kisha akamwona mama.

Lori likasimama. Mama akateremka kwa shida, nikamfuata. "Shikamoo, mjomba," nikasema. Alikuwa anatazama mabati yetu juu ya lori, kitanda, lile gunia la mpunga, ndoo zetu. Alivitazama kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kimoja kisichokuwamo ili apate kusema haya si kweli.

"Josefina," akasema. "Mimi nilikuwa nakuja kwako."

"Najua, kaka."

"Nilikuwa nakuja kwako," akasema tena.

Dereva alikuwa na haraka, akatushushia vitu vyetu pale pale kando ya njia akageuza lori. Vumbi likatufunika wote watatu. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na mama akaokota ndoo moja, akauliza maji yanachotwa wapi.

Mjomba akaulaza mzigo wake chini. Akachomoa jembe, akatangulia mbele yetu kwenda mchangani.